Bitutu (1994)

Tangu siku ya kwanza Drusilla Kerubo alikuwa na ugomvi na chuo, na ugomvi wenyewe ulikuwa Jumamosi. Masomo ya uzamili ya usimamizi pale Kisii mjini yalipangiwa watu wenye ajira, Ijumaa alasiri na Jumamosi kutwa, naye Drusilla ni Msabato wa kuzaliwa, binti wa kijiji cha Gesima, wa nyumba ambayo hata kuni za Jumamosi hupasuliwa Ijumaa jua likiwa bado juu. Alikwenda idarani kueleza. Wakamsikiliza kwa adabu, kisha wakamwambia ratiba ni ratiba. Akajiandikisha hivyo hivyo, karani wa kituo cha kupimia chai, miaka arobaini na moja, akijua fika kwamba atakosa zaidi ya nusu ya kila somo.

Aliyemwokoa ni Maureen Moraa. Huyu alikuwa Mkatoliki, mfanyakazi wa ofisi moja mjini, anaishi karibu na soko la Daraja Mbili, na ana kinyumba na kishamba chake cha ndizi kule Ogembo. Ijumaa ya pili alimwona Drusilla anafunga mkoba kama mtu anayeaga kabisa, akamsogelea.

"Kesho huji?"

"Kesho ni Sabato."

"Basi mimi nitakuandikia. Halafu Jumapili nikiwa misa, wewe unanisomea zile makala ndefu na kunipa ufupisho. Tufanye egesangio."

Drusilla alicheka mpaka akashika meza. Egesangio ni neno la jembe. Wanawake wa kijiji huungana, leo wakalima kwa huyu, kesho wakachuma chai kwa yule, mpaka mzunguko uishe. Hakuna bosi, hakuna mshahara. Ukipewa siku, unarudisha siku. Kulitoa neno hilo shambani na kulipeleka chuo kikuu kulimchekesha, lakini kulimfurahisha pia, maana ni nani mwingine katika darasa lile la watu wa mikoba ya ngozi angemfikiria hivyo?

Na lilifanya kazi. Nisimpunje Maureen haki yake, ingawa baadaye hakustahili hata robo yake: alijua kuandika mafunzo. Kila Jumamosi jioni, Sabato ikishaisha, simu ya Drusilla ililia na picha za kurasa zikaingia, mwandiko mnene, mistari imepigwa chini kwa wino mwekundu. Drusilla naye kila Jumapili alimsomea. Makala thelathini, arobaini, akitafuna Kiingereza kile kigumu sentensi kwa sentensi na kumwandikia mwenzake kwa lugha ya watu.

Somo lililowatesa zaidi ni lile la mapitio ya maandishi. Mwalimu wao alikuwa Daktari Machogu, mtu mfupi, mpole wa sauti, mkali wa kalamu, ambaye pia ndiye aliyekuwa msimamizi wa Drusilla. Zoezi la kwanza Drusilla alijaza kurasa kumi na moja. Fulani alisema hivi mwaka huu. Fulani naye akasema vile mwaka ule. Fulani mwingine akaongeza. Karatasi ikarudi na maneno sita mekundu juu yake: *Hii foleni ya unga. Nataka baraza.*

Hakuelewa hata chembe. Maelezo, bila shaka, yalitolewa Jumamosi. Lakini Maureen aliyaandika yote, na Drusilla aliyasoma mara nyingi hata akayajua kwa moyo:

*Anasema usiwapange watu mmoja nyuma ya mwingine. Waite wakae. Nani anakubaliana na nani? Nani anabisha? Nani anajifanya hajasikia? Ukishawakalisha wote, tafuta kiti kilicho wazi. Hilo ndilo pengo lako. Utafiti ni kwenda kukikalia.*

Basi wakanunua karatasi ngumu ya manila kwa Swati, mwenye duka la vifaa vya kuandikia karibu na stendi, wakaikata vipande, na Jumapili alasiri wakakaa kwenye meza ya Maureen. Kila makala kadi yake: mwenyewe ni nani, mwaka gani, aliuliza nini, alipata nini, nini hakukigusa. Wakazihamisha kadi huku na huku wakibishana kama wazazi wanaopanga wageni wa harusi. Huyu hawezi kukaa na yule, watapigana. Huyu anarudia maneno ya huyu, waweke kiti kimoja. Drusilla hajawahi kufurahia masomo namna ile, na alisema hivyo waziwazi. Maureen akamjibu, "Si nilikwambia egesangio?"

Mada ya kwanza ya Drusilla ilikuwa *Uongozi Bora na Utendaji katika Sekta ya Chai*. Daktari Machogu aliisoma akasema, "Hii si mada, Drusilla. Hii ni kata nzima. Nionyeshe boma moja." Ya Maureen ilikuwa motisha ya wafanyakazi wa ofisi, ambayo msimamizi wake aliirudisha mara mbili kwa kusema imelimwa mpaka udongo umechoka. Maureen aliumia. Aliondoka siku ile bila kuchukua mwavuli wake, Drusilla akauchukua kwenda kumtunzia kwao Gesima.

Pengo la Drusilla lilijitokeza Jumapili moja ya Novemba. Boma alilochagua ni vikundi vya kazi, na kadi zake zote zilikuwa mezani, zote zikizungumzia watu wanaokwepa kazi ya pamoja. Lakini vikundi vyote vile vilikuwa na mwenyekiti, au faini, au katiba yenye mhuri. Drusilla akazitazama kadi zile. Akamkumbuka mama yake na wanawake kumi na wawili wa Gesima, miaka nenda miaka rudi, bila mwenyekiti, bila faini.

"Maureen," akasema, "kundi lisilo na wa kuamuru wala wa kuadhibu, mmoja akilimiwa halafu akakosa kurudisha, linafanya nini?"

Maureen alizisogeza kadi, akatafuta, akatafuta tena. "Hakuna aliyeuliza."

"Kiti hiki hapa."

"Kiti hiki hapa!" Maureen alimkumbatia. Hilo Drusilla hawezi kulisahau, kwamba yule mwanamke alimkumbatia kwa furaha ya kweli.

Desemba Maureen alikwenda Gesima kuiona hiyo egesangio kwa macho. Akapewa kikapu, akachuma chai bega kwa bega na mama yake Drusilla, mwanamke wa miaka sabini na miwili ambaye vidole vyake bado huwashinda wasichana. Mchana wakala obokima, yaani ugali, na mboga ya rinagu. Maureen alimwita mama yule *Baba*, kama kila mtu anavyomwita, maana kwa Ekegusii baba ndiye mama, na wageni kutoka mbali hilo huwachekesha hadi leo. Baba hivi, Baba vile, Baba naomba chumvi. Jina lake hakuuliza. Nani huuliza jina la mama wa rafiki yake?

Jina lake ni Bitutu.

Mwaka wa 1994 wanawake wa egesangio walimpa Bitutu kazi ya kuandika siku, kwa kuwa yeye ndiye aliyefika darasa la sita. Alinunua daftari la kurasa tisini na sita, akaandika kwenye jalada kwa herufi kubwa: BITUTU 1994. Ndani yake mna kila kitu. Nani alikuja, kwa nani, nani alikuwa na mgonjwa, nani hakurudi na walimfanyaje. Drusilla alilisoma daftari lile likizo nzima kama mtu aliyepata mgodi nyuma ya jiko. Alipoandika rasimu yake, akakumbuka funzo la Daktari Machogu kwamba kila dai lina mwenyewe na mwaka wake. Akatii neno kwa neno. *Bitutu (1994) anaonyesha kwamba kundi halimfukuzi mkwepaji. Bitutu (1994) anatofautiana na hoja ya faini.* Mara saba! Na kila mara aliandika moja kwa moja bila kueleza, kwa sababu hata wale wasomi wengine hakuna aliyeeleza mama zao ni kina nani. Orodha ya marejeleo alikuwa bado hajaiandaa. Akamtumia Maureen, kama desturi yao, ampitishie macho.

Wiki iliyofuata akampelekea Daktari Machogu ofisini. Daktari akasoma mpaka jina lile, akasimama hapo, akaandika pembeni kwa wino mwekundu.

"Huyu Bitutu ni nani? Mimi nimesoma vikundi miaka ishirini, simjui."

"Ni mama yangu, Daktari."

Daktari Machogu alicheka mpaka akavua miwani. Drusilla alitamani sakafu ifunguke. Kisha yule mzee akajifuta macho, akaongea kwa upole kabisa. "Sikiliza. Sura ya pili ni ya waliochapishwa, watu ambao mimi nikitaka naweza kwenda kuwasoma. Daftari la mama yako si maandishi ya kupitia. Ni ushahidi, ni data yako. Mhamishe sura ya tatu. Huko ndiko kwake, na atakaa kwa heshima kuwashinda hawa wote."

Drusilla alimhamisha mama yake jioni ile ile. Lakini kosa lenyewe alilionea haya mno. Mwanafunzi wa uzamili kumnukuu mama yake kama profesa! Hakumwambia mtu, hata Maureen. Maureen akabaki na rasimu ile ya zamani, na Bitutu wake saba.

Sasa mjue kilichokuwa kwenye mizani. Chuo kilikuwa kimeshamwongezea Drusilla muda mara moja, mwaka aliougua. Barua ya pili ilisema bila kuzunguka: asipolitetea pendekezo lake la utafiti na kupita kabla Mei haijaisha, jina lake linafutwa. Na idara ile ina sheria kwamba mada moja haishikwi na wanafunzi wawili. Anayepitishwa kwanza ndiye mwenyewe, na wa pili akatafute nyingine. Kikao cha Mei kilipangwa kuwa Alhamisi, cha mwisho kabla ya likizo.

Jumatano adhuhuri Drusilla alikwenda kwa Swati kuchapisha na kufunga nakala zake. Swati alipokea, akageuza ukurasa wa kwanza, akakunja uso.

"Mama Mose, hii si umeleta juzi?"

"Mimi? Sijaleta kitu."

"Ai, kichwa ni hiki hiki. Mimi nakumbuka kwa sababu hili neno lilinishinda. Maureen akanitajia herufi moja moja na bado nikakosea." Swati aliinama chini ya kaunta, akatoa jalada la buluu lililoharibika. EGESANJIO, limeandikwa, kwa *j*. *Kundi Lisilo na Bosi: Egesanjio na Mkwepaji katika Mashamba ya Chai, Nyamira.* Na chini yake, jina: Maureen Moraa.

Drusilla aliketi juu ya boksi la karatasi. Hakulia. Alilitazama jalada lile, akajikuta anafikiria mambo ya kipumbavu, kwamba mwandiko wa Maureen ni mzuri, kwamba mwavuli wake bado uko Gesima. Halafu maumivu yakamfikia, na yalimchoma hasa. Mwizi wa sokoni angeweza kumsamehe. Huyu alikuwa amemkumbatia.

"Nimefanya kosa?" Swati aliuliza, mikono imeganda juu ya mashine.

"Si wewe, Swati. Nifungie tu kazi yangu. Na hilo jalada unipe."

Alimpigia Maureen mara tatu, simu ikaita mpaka ikachoka. Baadaye ujumbe ukaingia: *Niko mkutanoni, mama. Kesho ni siku yetu. Nakuombea.* Drusilla alilisoma neno *nakuombea* mpaka likapoteza maana. Akampigia Daktari Machogu, akamweleza. 

"Mimi ni msimamizi wako. Nikifungua mdomo watasema nampendelea mtu wangu. Mlikuwa mnatumiana rasimu?"

"Kila wiki, Daktari. Zake na zangu."

"Basi atasema mliandika pamoja. Njoo kesho na kila ulicho nacho. Na uje na masikio."

Alhamisi wanafunzi walikuwa tisa, jopo watu wanne. Kiti cha mwenyekiti alikikalia Profesa Tryphosa, mama mrefu asiyetabasamu kabla ya saa sita. Waliitwa kwa mpangilio wa nakala zilivyowasilishwa: Maureen wa tatu, Drusilla wa tano. Maureen aliingia amevaa suti ya kijivu, akamwona Drusilla, akampungia mkono. Akampungia mkono, jamani! Kama watu walioachana sokoni asubuhi.

Na alisimama akaeleza vizuri. Hilo ndilo lililouma, kwamba alieleza vizuri kuliko ambavyo Drusilla mwenyewe angeweza. Baraza la wasomi, waliokubaliana, waliobishana, kiti kilicho wazi. Kila kadi ya meza ile ilipita mbele ya macho ya Drusilla. Jopo likaanza kutikisa vichwa kwa kuridhika. Drusilla alihisi jina lake linafutwa herufi moja baada ya nyingine.

"Na kuhusu mkwepaji," Maureen akaendelea, "msomi wa pekee aliyekaribia suala hili ni Bitutu (1994), anayeonyesha kwamba kundi halimfukuzi."

Drusilla aliinua kichwa. Alidhani amesikia vibaya. Lakini likaja tena, *Bitutu anatofautiana na hoja ya faini*, na tena. Daktari Machogu, pale mwisho wa meza, alivua miwani yake taratibu, akaanza kuifuta kwa tai.

"Huyu Bitutu simfahamu," Profesa Tryphosa akasema. "Alichapisha wapi?"

Maureen hakusita. Alitaja jarida la ng'ambo, toleo na kurasa. "Iko kwenye marejeleo, Profesa, ukurasa wa thelathini na nne." Na kweli ilikuwako. Alikuwa amemtungia makala.

"Mwenyekiti," Daktari Machogu akasema kwa ile sauti yake ya chini, "kwa desturi wanafunzi wenzake hupewa nafasi ya swali."

Drusilla alisimama.  Alikuwa na maneno mia ya kumrushia yule mwanamke, mengine si ya Msabato. Lakini akauliza swali la darasani, lile Maureen mwenyewe alilomwandikia kwa wino mwekundu Jumamosi moja ya Oktoba.

"Huyu Bitutu, umemsoma mwenyewe, au umemkuta ndani ya kazi ya mtu mwingine?"

Ulikuwa mlango. Drusilla anaapa hadi leo kwamba alimfungulia mlango. Angesema tu, *nimemkuta kwa mwenzangu*, na yote yangezungumzika. Maureen alimtazama, na kwa nukta moja ilionekana kama angepita.

"Nimemsoma mwenyewe," akasema. "Mwanzo hadi mwisho."

"Na bado anaandika?"

"Hapana. Alishafariki, miaka mingi."

 Kudanganya jopo ni jambo moja. Lakini mtu wa Kisii hamtaji mtu hai kuwa amekufa, hata kwa mzaha, hata kwa adui. Na huyu alikuwa amekula rinagu mkononi mwa Bitutu.

"Bitutu hajafa," Drusilla akasema, na sauti yake ikavunjika katikati, akaikusanya. "Yuko Gesima. Asubuhi hii ameniambia chai imekubali mvua. Bitutu ni mama yangu. Hajawahi kuchapisha kitu. Mimi ndiye niliyemwandika hivyo kwa ujinga wangu, kwenye rasimu niliyompa Maureen mwezi wa kwanza, na Daktari akanisahihisha. Nilimhamisha. Huyu hakujua kwamba nimemhamisha."

Alifungua mkoba, akatembea mpaka mbele, akaweka daftari juu ya meza ya jopo. Kingo zake zimeliwa, jalada lina madoa meusi ya utomvu wa chai. BITUTU 1994. Chini yake akaweka rasimu ile ya zamani, yenye tarehe na wino mwekundu wa Daktari: *Bitutu ni nani?*

 Profesa Tryphosa alivuta daftari, akafungua, akasoma kwa muda mrefu kama mtu peke yake. Akafika mwisho, kwenye kurasa zilizobaki tupu miaka mingi na ambazo Bitutu, ambaye hatupi karatasi, huendelea kuzitumia hadi leo. Pale akasimamisha kidole, akasoma kwa sauti.

"*Desemba. Maureen wa Daraja Mbili. Amechuma siku moja. Hatujamrudishia.*" Akainua macho. "Maureen wa Daraja Mbili ni wewe?"

 Maureen alikuwa anakusanya karatasi zake, na hazikukusanyika.

Pendekezo lake liliondolewa, na yeye akaambiwa asubiri barua ya kamati. Drusilla aliitwa wa tano, akatetea, akapita na marekebisho madogo. Watu walimpa mkono. Daktari Machogu alimwambia, "Sasa umekikalia kiti." Naye alishukuru, akatoka nje, akasimama kando ya ukuta na kulia kama mtu aliyefiwa. Alikuwa ameshinda na hakuwa na wa kumpigia simu. Wa kumpigia alikuwa Maureen.

Jioni alimsimulia mama yake yote, jikoni. Bitutu alisikiliza huku anachambua mboga.

"Alisema nimekufa?"

"Miaka mingi, Baba."

"Na aliniua na nini?"

"Hakusema."

Bitutu akacheka kidogo, kisha akaacha. Alinyoosha mkono, akapewa daftari, akalifungua ukurasa wa mwisho. "Siku yake bado iko hapa."

"Baba, ile siku ameshaila! Amekula na ya kwangu na ya watoto wangu!"

"Hujasoma vizuri wewe, na chuo chako chote. Uliza yule Kemuma wa kundi letu alipokosa kurudisha tulifanya nini. Tulihesabu siku alizotuchumia yeye, tukaenda tukazimaliza kwake, zote. Halafu hatukuenda tena. Huwezi kumwacha mtu huku umeshika kitu chake. Atakushika nacho."

 Lilikuwa jibu la utafiti wa Drusilla, na alilipata bila hojaji wala sampuli, na hakulitaka.

Jumapili walikwenda Ogembo, mama na binti, kila mtu na jembe lake. Kishamba cha Maureen kilikuwa kimemea magugu mpaka magotini. Walianza kwenye ukingo wa juu na kushuka mstari kwa mstari, bila kuongea, Bitutu mbele. Maureen alifika kutoka misa saa sita akawakuta katikati ya ndizi. Alisimama na kitabu chake cha sala mkononi. Kisha akaingia ndani, na baada ya muda akatoka na birika na vikombe vitatu kwenye sinia.

"Mama Mose," akamwambia Drusilla. "Niliogopa. Wangenifuta. Kila mada wananirudishia, nikaona wewe unajua mengi, utapata nyingine tu... Baba, tafadhali, mkunywe chai."

Drusilla aliinama akaendelea kulima. Alitaka kusema kitu na kila kitu kilikuwa kikubwa mno. Chai ikapoa kwenye sinia. Saa kumi walifika ukingo wa chini. Bitutu alisafisha jembe kwa jani la mgomba, akalilaza begani. Akatoa daftari kwenye kikapu, na kalamu, akapiga mstari mmoja ulionyooka juu ya jina la Maureen. Pale ukutani karibu na mlango Drusilla aliegemeza ule mwavuli uliosahauliwa.

Maureen alikuwa bado amesimama na sinia. "Baba," akasema tena, kwa sauti ndogo.

Mwanamke yule akamgeukia, akampa mkono, kama wanavyofanya watu wanaokutana mara ya kwanza.

"Baba ni wa huyu," akasema. "Wewe niite Bitutu."

Wakatoka shambani, wakashuka njia ya Ogembo, wala hawakuenda tena.